Dakika Tatu za Kumsalimu Meya

Bado nina hasira naye. Watu huniambia mambo ya zamani yaache yapite, na mimi huwajibu kwamba yangu hayajapita, yako hapa kooni.

Alipokuwa mjumbe wa bunge la jimbo kule Annapolis, karibu na Washington, hakuna Idi yetu aliyoikosa. Tulikuwa Waswahili wachache, watu wa Mombasa, Tanga na Unguja, tuliotawanyika kutoka College Park mpaka Columbia, na kila sikukuu tulikodi ukumbi wa shule. Yeye alikuwa akiingia, anavua viatu, anatoa salamu kwa Kiarabu kibovu, kisha anakaa mkekani anakula pilau kwa mkono mpaka wali unamwingia kwenye mkono wa shati. Wanawake walimcheka na kumpenda. Nilimpenda na mimi, sitasema uongo. Viza ya mama yangu ilipokwama mwaka mzima, yeye ndiye aliyeandika barua na kuwapigia simu watu wake wa Washington, na mama akaja. Alishuka uwanja wa ndege kwa kiti cha magurudumu, kanga mbili juu ya koti, akiniuliza mbona huku baridi inaingia hata ndani.

Baada ya mihula mitatu alichoka na Annapolis, au Annapolis ilichoka naye, akagombea umeya wa mji wetu. Mji wenyewe siutaji, maana ni mdogo na atajulikana. Kura wengi wetu hatukuwa nazo, tulikuwa na kadi za kijani za ukaazi tu, lakini tulikaanga sambusa za vijana wake wa kampeni wiki tatu nzima, mpaka nyumba yangu ikanuka mafuta kama kibanda cha sokoni. Akashinda. Tulipiga vigelegele barabarani kama tumeoza binti.

Sasa, mjumbe hushughulika na mambo makubwa yasiyomfikia mtu mlangoni. Meya hupigiwa simu kwa sababu ya mbwa, takataka na magari. Wenye nyumba wa mtaa wa juu walianza kumpigia kuhusu magari, na magari waliyoyasema ni ya wageni wetu. Hakutuuliza. Alipeleka sheria ndogo kwa madiwani: hakuna nyumba itakayokuwa na magari ya wageni zaidi ya manne barabarani bila kibali. La tano litavutwa. Na kibali kiombwe siku thelathini kabla.

Siku thelathini! Kwa harusi, sawa. Kwa msiba je? Niende kwa Izraili nimuulize ratiba yake ya mwezi ujao?

Wakati huo mama alikuwa amelala chumba cha mbele, karibu na dirisha. Moyo ulikuwa umechoka, na daktari alishatuambia tumrudishe nyumbani. Mama hakuwa mtu wa kuomba. Aliomba kitu kimoja: "Nikifa, msinipeleke kulilia ukumbini kama mkutano wa chama. Matanga yangu yawekwe hapa, watu walale hapa." Nilimwahidi. Matanga hayana mwaliko wala idadi. Mlango unaachwa wazi siku tatu, na kila aliyesikia anakuja.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye kikao cha madiwani. Kabla ya kura, kila mkazi aliruhusiwa kusema kwa dakika tatu. Rafiki yangu, nesi Mkenya wa bara tuliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, alinipangia maneno kwenye karatasi. Kwanza siku thelathini, halafu ugonjwa wa mama, halafu niombe misiba isiingizwe kwenye sheria. Akaniambia, "Soma tu hiyo, usiongeze kitu."

Nikasimama mbele ya kipaza sauti. Pale mezani palikuwa na taa za kupimia muda, na ya kijani ikawaka. Nikamsalimu.

Ningefanyaje? Nimelelewa kwamba mtu haingii na shida mdomoni. Nikamuuliza hali yake, na ya mkewe, na goti la mkewe lililopasuliwa, na watoto. Nikawasalimu madiwani mmoja mmoja, maana wote walikuwa wananitazama. Nikamshukuru kwa viza ya mama mbele ya watu, kwa sababu fadhila ya punda ni mashuzi, na mimi si punda. Nikaomba radhi kwa kuwachosha. Kisha nikakunjua karatasi yangu, na taa nyekundu ikawaka, na kengele ikalia.

Meya alitabasamu. "Asante sana," akaniambia kwa Kiswahili tulichomfundisha wenyewe, kisha akaongeza kwa Kiingereza kwamba maneno yangu yamemgusa moyo. Halafu akamwita anayefuata.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wale madiwani nawasamehe, hawakujua. Yeye alikula mikekani kwetu miaka kumi. Alijua kwamba ile ilikuwa hodi tu, kwamba sijaingia bado. Aliiona karatasi mkononi mwangu. Angeuliza tu, "Mama, umekuja na nini?" Hakuuliza, kwa sababu alijua. Mikono yote ikainuliwa, sheria ikapita.

Garini rafiki yangu alishindwa kujizuia. "Aki wewe! Dakika tatu zote ni salamu? Ungeingia tu na point, hao watu hawana time ya goti la bibi ya mtu!"

"Mama, he totally played you," akasema binti yangu kutoka kiti cha nyuma, yaani meya amenichezea akili.

Nikamwambia awe na adabu kwa watu wazima. Kisha nikalia, tumesimama kwenye taa za Barabara Namba Moja.

Mwezi uliofuata gazeti dogo la mji lililetwa majumbani, na ndani yake picha yangu nikiwa kwenye kipaza sauti. Chini iliandikwa kwamba mkazi alifika kumshukuru meya. Mama aliiona akafurahi. Akataka ikatwe, ibandikwe ukutani karibu na kitanda chake. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. Nikaibandika. Sikumwambia.

Alifariki mwezi wa pili, asubuhi, barafu ikiwa imeganda mpaka kwenye ngazi. Nilipiga simu ofisi ya mji kuomba kibali, na karani, kwa upole kabisa, akanisomea: siku thelathini. Nafasi nne tukawaachia wazee wasioweza kutembea. Wengine waliacha magari kwenye maegesho ya duka kubwa, wakashuka kwa miguu juu ya barafu, wanawake wawili wawili na sufuria katikati yao. Waliosikia habari ya magari kuvutwa waligeuza njiani. Usiku wa kwanza nusu ya mikeka ilikuwa mitupu, na mimi nilikuwa nimeahidi.

Siku ya tatu, tukijiandaa kuanua tanga, akaja. Koti jeusi, maua mkononi, gari lenye nembo ya mji likiwa mbele ya mlango wangu. Akavua viatu. Akatoa salamu, na safari hii Kiarabu chake kilikuwa safi.

Watu wote wakaningoja niitikie.

"Manne yamejaa," nikasema. "Lako la tano."

Alicheka, akidhani namtania, akatafuta kwa macho mahali pa kukaa. Nikainama, nikaokota viatu vyake, nikampa mkononi. Hakuna aliyenikataza, hata wazee.

Alivaa viatu nje, kwenye barafu, ameshikilia ukuta. Mlango wa matanga haufungwi, kwa hiyo nilisimama pale pale mlangoni, baridi ikiingia ndani, mpaka gari likaondoka.