Bata wa Koti la Njano

Mama alikuja kwangu Kiogoro wiki ileile aliyopata miwani. Hakuwahi kuona mbali maishani mwake, lakini alifikisha miaka sabini kabla ya mtu yeyote kumpima macho. Jumapili mchana mvua ilitufungia ndani, na binti yangu akafungua kompyuta yake akiuliza tutazame nini. Nikaitaja filamu ya zamani ya fundi viatu na bata.

Niliiona mara nyingi utotoni, Sironga, kwa jirani yetu mwalimu aliyekuwa na televisheni ya kutumia betri ya gari. Fundi ni mtu wa kweli, mwenye masharubu na aproni chafu. Bata ni katuni, na amevaa koti la njano la mvua. Wanaishi pamoja dukani, wanagombana, wanapatana. Sisi watoto tulikaa sakafuni mbele, mama akakaa nyuma, mlangoni, akichambua mboga. Hakukosa hata mara moja.

Filamu ikaanza. Bata alirukia meza ya fundi, na mama akasogea hadi ukingoni mwa kiti.

"Huyu ni nini?"

"Ni yule bata, mama."

"Bata?" Akavua miwani, akatazama, akaivaa tena. "Kumbe amechorwa! Mimi miaka yote nilijua ni mtoto."

Binti yangu akaangua kicheko. Mimi pia, mpaka nilipoona kwamba mama hacheki.

"Niliona kitu kidogo cha njano kinakimbiakimbia," akasema. "Halafu mwisho kinapotelea ukutani, hakirudi, na yule mwanamume anabaki peke yake. Nilikuwa nikirudi nyumbani nawaza, mama ya huyu mtoto yuko wapi? Hata nilimwombea."

"Mbona hukutuuliza?"

"Mlikuwa mnafurahi. Na ningeuliza, mngejua sioni."

Enzi hizo, tukikutana naye njiani tukitoka shule, hakutuita mpaka mmoja wetu aongee. Tulidhani ni ukali tu. Siku moja alinipita sokoni kama asiyenijua, mbele ya wenzangu, nami nikanuna nikakataa chakula cha jioni. Hakujitetea.

Nikamkumbusha siku hiyo, nikamwomba msamaha. Akanipigapiga goti.

"Nilikuachia ndizi kwenye sufuria. Asubuhi nikakuta sufuria tupu, nikajua yameisha."

Binti yangu akamweleza nyanya yake jinsi filamu ilivyotengenezwa: mwigizaji aliongea na hewa, bata akachorwa baadaye. Mama akataka tumrudishie pale fundi anapomfunga bata vifungo vya koti, kimoja kimoja, akimnyooshea kola.

"Hapo hakukuwa na mtu?"

"Hakukuwa na mtu, nyanya."

"Na bado mikono yake ni ya upole hivyo."

Akanigeukia aniambie jambo, kisha akalisahau. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, kwa makini kama alivyokuwa akimwangalia bata, akainua mkono akagusa nywele zangu juu ya sikio.

"Hizi mvi zimeanza lini?"

"Zamani, mama."

"Zinakupendeza," akasema, na akasogeza kiti chake karibu na changu.