Mrija Uliofutwa kwa Spiriti

Saa nne asubuhi, Bladensburg, Maryland, Marekani. Rosemary Chepngetich anaingia nyumbani kwa Bi Nélida, anavua koti, na kabla hajagusa dawa wala mashine ya presha, anainama na kumbusu bibi huyo shavuni mara moja. Kisha anamgeukia binti wa bibi huyo, Marcela, naye anapata busu lake. Katika nyumba hii ya Waargentina, kuwapungia watu wote mkono kutoka mlangoni ni sawa na kutosalimu.

"Kwetu Bomet ningembusu nani? Mtu mzima unampa mkono, tena kwa adabu," anasema akicheka.

Chepngetich, Mkenya mwenye miaka arobaini na mitatu, huhudumia wagonjwa majumbani kwa dola kumi na nane kwa saa. Nyumba hii humpa saa thelathini kwa wiki, na nusura aipoteze siku ya tatu tu.

Siku hiyo Bi Nélida, ambaye sasa ana miaka themanini na minne, alimtengenezea kinywaji cha kwao kiitwacho mate. Ni majani makavu yanayotiwa kwenye kibuyu kidogo, yakamiminiwa maji moto, yakanyonywa kwa mrija wa chuma. Kibuyu kimoja, mrija mmoja. Mwenyeji hunywa kwanza, hujaza tena, humpa mgeni.

Chepngetich alipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Halafu akachomoa mfukoni pamba yenye spiriti, akaufuta mrija.

Jamani! Na aliufuta vizuri, maana wakati wa korona alifundishwa kufuta hata vitasa. Bi Nélida alimtazama hadi mwisho, akachukua kibuyu chake, akakimwaga kwenye sinki. Jioni akapiga simu kwa shirika la wahudumu: mwanamke yule asirudi.

Msimamizi wa zamu, Wairimu, hakuona kosa. Alimsifu kwa usafi, akaanza kumtafutia mgonjwa mwingine huko Landover. Ni Chepngetich mwenyewe aliyekataa. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo alimpigia Marcela kutaka kujua amekosa nini.

Marcela alimweleza polepole. Kwao, kufuta mrija ni kumwambia mwenzako kwamba anakutia kinyaa. Isitoshe, mrija ule ulikuwa wa marehemu baba yake. Yeye na Bi Nélida waliupokezana kila asubuhi kwa miaka hamsini.

"Nililia, sikufichi," Chepngetich anasema. "Mama alikuwa amenikaribisha kwa mume wake, na mimi nikamfuta."

Kesho yake aliacha sare nyumbani, akaenda kuomba msamaha. Bi Nélida alimwacha asimame kitambo mlangoni, kisha akaingia jikoni kujaza kibuyu. Chepngetich alinyonya mpaka mrija ukakoroma. Kichungu kama mwarobaini, anakiri.

Huu ni mwaka wao wa pili. Je, haogopi vijidudu? Anajibu kwamba mmoja wao akiwa na mafua, siku hiyo hawanywi, basi.

Kinachomsumbua ni kingine. Watoto wake wawili, waliozaliwa hapa, akiwasemesha Kiswahili humjibu kwa Kiingereza. Maziwa lala anayogandisha nyumbani katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa kama alivyofundishwa na mama yake wanayakimbia, eti yananuka moshi.

"Nitazeekea nchi hii," anasema, "na atakayekuja kuniogesha atakuwa mtoto wa watu, sijui wa wapi. Ombi langu ni moja tu. Nikimpa maziwa yangu, asiyanuse kwanza. Anywe."