Mihogo Juu ya Tanuri

Maji ya Malagarasi yalipoingia shambani, Bazilio alisimama ukingoni, suruali ameikunja, akasema yatashuka tu. Mkewe, Kezia, alivua kandambili, akaingia majini mpaka magotini, akapapasa shina la kwanza na kuling'oa. Muhogo ulitoka mzima. Akauvunja, akaunusa, ndani ulikuwa bado mweupe.

"Mama Niyubahwe, unafanya nini? Mihogo hiyo haijakomaa. Ukiimaliza sasa, mwakani tutakula nini?"

"Na ikioza?"

"Mimi nimezaliwa bonde hili. Maji haya huja na kuondoka."

Hilo lilikuwa kweli. Bazilio ni Muha wa hapo hapo, upande wa Kasulu, amelima bondeni tangu utoto. Kezia aliletwa na ndoa. Alizaliwa kambini Mtabila, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Kambi ilipofungwa, mama yake, Akimana, alirudi kwao Makamba. Yeye akabaki kwa mumewe, na baadaye akapata uraia. Tangu hapo, jambo la shamba likimtatiza, humpigia mama yake.

Alipanda mlimani kutafuta mtandao.

"Mama, shamba la mihogo limezama."

"Umeshang'oa?"

"Bado. Baba Niyubahwe anasema tungoje."

"Basi unanipigia simu ya nini? Muhogo ukikaa majini unakufa kimya kimya. Utaona majani ya kijani juu, kumbe chini umeshaoza. Ng'oa, menya, tengeneza ikivunde. Ila usiuloweke kwenye maji ya mto, mwana wanje, mwanangu. Chota ya chemchemi. Na miti yake usitupe!"

Ikivunde ni muhogo uliolowekwa mpaka ukachachuka na kulainika, kisha ukakaushwa na kutwangwa unga. Kwa mihogo michungu kama ile ya bondeni, kuloweka ndiko kunakoondoa sumu.

Kezia alishuka, akamwambia mumewe bila kupandisha sauti, "Mimi naanza upande wa mtoni. Wewe ukitaka kungoja, ngojea upande wa barabarani. Tusigombane mbele ya watoto."

Aling'oa mpaka jioni. Mistari iliyopakana na mto ilikuwa imeshalainika na kutoa harufu. Hiyo aliitupa, na roho ilimuuma. Mvua ikazidi. Bazilio alipokwenda kukagua upande wake, alivuta shina moja likaja peke yake, mizizi ikabaki kwenye tope kama uji. Alilishika kwa muda, akalitazama. Kisha akaingia kwenye mstari wa mkewe, akainama, akaanza kung'oa.

Walijaza mapipa, walipokosa mapipa wakachimba shimo na kulitandika turubai. Nyumba nzima ikanuka uchachu. Jirani yao, Ndayikunda, mgane mwenye watoto wadogo, ambaye shamba lake lilikuwa limekwenda lote, alikuja akasimama kando ya mapipa.

"Dada Kezia, nigawie hii hii nikapike. Watoto wamelia tangu asubuhi."

Kezia alichovya mkono, akaminya muhogo mmoja. Kidole hakikuzama.

"Bado, kaka. Hii itawaua."

"Njaa nayo itawaua."

Kule kambini Kezia aliwahi kuona watu wa nyumba moja wakitapika mpaka wakashindwa kusimama, kwa sababu ya muhogo ulioharakishwa. Aliingia ndani, akatoka na maharage aliyokuwa ameyatenga kwa mbegu.

"Chukua haya. Muhogo nitakuletea mwenyewe ukiwa tayari. Hapa pipani usiguse, hata nikiwa sipo. Tumeelewana?"

Ndayikunda aliyapokea kwa mikono miwili.

Mihogo ilipoiva kwa kulowekwa, jua halikuwapo. Uchanja wa juu ya meko ulibeba kiasi kidogo tu, na kuni zilikuwa zimelowa. Mihogo iliyotolewa ikaanza kuota ukungu. Kezia alijitwisha beseni, akaenda kwa Twalibu, mfyatua matofali, aliyekuwa na tanuri chini ya banda la bati.

"Mama, hili ni tanuri la matofali, si jiko," Twalibu alisema alipoelezwa.

"Najua. Moto umezima?"

"Nimeshaziba midomo. Sasa linapoa."

"Na joto lake linakwenda wapi?"

"Linakwenda zake juu."

"Basi nipe huko juu."

Twalibu alitikisa kichwa. Alihofia maji ya mihogo yatachuruzika na kupasua matofali yangali moto, nayo yalikuwa na mwenyewe tayari. Kezia hakuondoka. Alieleza kwamba wataikamua kwanza kwenye magunia kwa mawe, kisha waianike juu ya mabati, isiguse tofali hata moja. "Ukiona tone linadondoka, itupe yote nje. Sitalalamika."

"Haya, leteni. Lakini nitasimama hapa nione."

Alisimama kweli, na mwishowe akawa yeye ndiye anayeigeuza. Bazilio alibeba, Ndayikunda alikamua. Baada ya hapo majirani wengine nao wakaanza kuleta ya kwao waliyoiwahi, mpaka juu ya tanuri pakakosa nafasi.

Unga ulitoka na harufu ya moshi, na watoto waliulalamikia. Waliula hivyo hivyo. Haukutosha kuwafikisha mavuno. Kuna majuma walikula mlo mmoja kwa siku. Lakini katika nyumba zile hakuna aliyetapika.

Maji yalipoondoka, Bazilio aliitazama miti ya mihogo iliyosimamishwa kivulini nyuma ya nyumba, ikianza kuchipua, akauliza wairudishe bondeni lini.

"Bondeni tutapanda magimbi, hayo hayaogopi maji," Kezia alisema. "Muhogo unapanda mlimani."

"Mlimani mawe matupu, Mama Niyubahwe."

"Mawe tutayatoa."

Alichukua jembe, akatangulia. Bazilio alijitwisha mzigo wa miti, akamfuata.