Mkono wa Namkunda

Juzi, dukani hapa Same, nilimwona binti akiandika kwa mkono wa kushoto huku mama yake akitabasamu. Pua yangu ikajaa harufu ya katani mbichi.

Mwalimu wetu wa misheni kule milimani alituandikia ubaoni left-handed, yaani mtu wa mashoto. Akasema kwa Kilatini kushoto ni sinister, na Waingereza wakalifanya neno la uovu. Kisha akamfunga dada yangu Namkunda, aliyeandika kwa kushoto, mkono huo mgongoni kwa kamba ya katani. Darasa zima likacheka.

Leo najua sinister lilikuwa jina la upande tu. Lakini padri alisali kwa Kilatini, nasi tuliamini ndiyo lugha ya Mungu.

Mama alipomfungua jioni, dada alimnyooshea tena mkono.

"Nifunge, mama. Mungu asije akauona."