Kaseti Niliyomsingizia Kaka

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika hapa Songea. Nilikuwa binti wa cherehani, nashonea kibarazani kwetu Bombambili. Katika mfuko wa jaketi nililonunua ili nilikate nishone sketi, nilikuta kaseti. Nyimbo tisa za roki, magitaa yananguruma, na jamaa mmoja anaimba kama mtu aliyekosewa akasamehe. Kiingereza chake sikuambulia kitu. Lakini kipendacho roho hula nyama mbichi. Betri za redio zikichoka nazianika juani, kisha naipiga tena tangu mwanzo.

Basi Jumamosi hiyo kaseti imepamba moto, akaingia shangazi yake Mathiasi, mwalimu aliyekuwa amenichumbia. Alikuja kunitazama bila taarifa, maana ukitoa taarifa utamwona mchumba aliyejipanga. Nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hizi kelele za wavuta bangi ni za nani humu?"

Niliiona ndoa yangu ikiondoka na miguu yake. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema, "Za kaka Efremu."

Efremu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu kigangoni, na hata sigara hakuwahi kuishika. Shangazi hakukaa nayo; haikupita wiki mbili, habari ikazagaa mpaka kwao Mjimwema kwamba mwalimu wa kwaya anavuta bangi. Wazee wa kigango wakamsimamisha. Alijua fika kaseti ni ya nani, ila hakunitaja. Aliniambia tu, "Olewa kwanza, mdogo wangu." Afadhali angenipiga. Chakula kilinishinda, na kaseti yenyewe sikuweza kuisikiliza.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenibana, huku akipukuchua mahindi yake bila hata kunitazama. "Kaseti unaionea aibu, kaka yako humwonei? Mjukuu wangu, hapo umepanga vibaya."

Kesho yake nikaenda kwa miguu hadi kwa shangazi Mjimwema, kaseti mkononi.

"Shangazi, hii ni yangu. Naipenda, na sitaiacha. Kaka hana kosa."

Akaigeuzageuza kaseti. "Na ukiolewa utapiga kelele hizi nyumbani kwa mwanangu?"

"Ndiyo, shangazi. Ila kwa sauti ya chini."

Alicheka yule mama mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akasema mtu anayekuja kujishtaki mwenyewe hana haja ya kuchunguzwa. Jumapili alisimama mbele ya wazee wa kigango, akakiri kwamba neno alilolisambaza halikuwa la kweli. Nami nikasimama pembeni yake, uso unaniwaka, nikasema lilitoka kwangu. Efremu akarudishiwa kwaya yake.

Mathiasi nimezeeka naye. Utepe wa kaseti umekatika mara nyingi nikauunga, na nyimbo zote tisa bado zinanipa raha ileile, ingawa siku hizi mzee wangu ndiye anayeongeza sauti. Sina ninachokidai duniani.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unachokipenda kipende waziwazi, hata wakucheke. Kicheko hakivunji mfupa. Na siku ukiona haya, zibebe mwenyewe, usimvishe mwenzio hata kama mgongo wake ni mpana. Wanaotupenda ndio wepesi wa kutubebea, na ndiyo maana ni dhambi kuwatwika.

Mungu akupe ndugu kama Efremu, na akunyime sababu ya kumjaribu.