Mama Aliponiruka Kwenda Kutibiwa Basotu

Sitawadanganya, ndugu zangu wa Tumati: kilichonitoa nyumbani ni wivu. Mama yangu mzazi ana presha, na aliyekuwa akimtibu ni mimi, mwanawe, tabibu wa zahanati ya hapa hapa. Wiki tatu zilizopita alipanda basi bila kuniaga, akaenda kwa mdogo wake Basotu ili atibiwe huko. Na anayetibu huko ni Gwandu. Gwandu! Tulisoma naye chuo kimoja cha utabibu, tukalala chumba kimoja, na mtihani wa mwisho nilimpita. Jirani yangu alipoona nimenuna akanichekea, "Daktari, nabii hakubaliki kwao." Nikamwambia aende zake.

Saa kumi na mbili asubuhi niliwasha pikipiki, ukungu ungali umelala mabondeni. Mgongoni nilikuwa na mkoba, na ndani yake mashine ya kupimia presha. Nia yangu ilikuwa moja: nimpime mama mbele ya Gwandu, presha ionekane iko juu vile vile, kisha nimpakie nirudi naye, na watu wajue tabibu ni nani.

Saa mbili nilifika Dongobesh, nikaagiza chai na maandazi. Mama muuza chai aliposikia kuwa mimi ni tabibu na ninakokwenda, akaweka birika chini. "Kwa yule daktari wa maswali? Dada yangu alikwenda kwake akiumwa kichwa. Akaulizwa analala saa ngapi, akiamka anawaza nini, maji anachota wapi. Dada akalia pale pale!"

"Alipewa dawa gani?" nikauliza.

"Ile ile aliyopewa huku."

"Sasa kilichomponya nini?"

"Mimi nitajuaje? Wewe si ndiye daktari?"

Chai niliiacha nusu.

Kutoka hapo njia ilikuwa vumbi tupu, hadi nikaanza kuona mashamba ya ngano na mlima Hanang umejitenga kwa mbali. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wanavuka barabara, nikasimama kuwasubiri. Ndipo nikakumbuka yale maswali yametoka wapi. Chuoni tulikuwa na mwalimu wa historia ya tiba, akatufundisha habari za Wagiriki wa kale, kwamba tabibu akifika mji mgeni aangalie kwanza upepo wake, maji yake, na wenyeji wanakula nini. Mimi nilisinzia. Gwandu aliandika mpaka daftari likaisha, nikamcheka, maana mtihani haukuuliza hayo.

Saa tano hivi nikafika Basotu. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya samaki. Nilimkuta mama uani kwa mama mdogo, anachambua maharage, uso umenawiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe."

"Mimi sijapotea."

Hata maji sikunywa. Nikatoa mashine, nikampima. Presha imeshuka. Nikapima mkono wa pili. Imeshuka. Nikabadilisha betri, mama akinitazama tu, nikapima tena. Jamani, mwanadamu ni mbaya! Mama yangu amepata nafuu, na mimi roho inaniuma.

Saa saba nikaenda kituoni kwa Gwandu. Alifurahi kuniona, na hilo nalo likaniudhi. Akanikaribisha benchini nje ya chumba chake.

"Umempa nini mama yangu?"

"Kidonge kile kile chako. Sikukibadilisha, ulikuwa umechagua vizuri."

"Basi ni uganga wa Wagiriki? Wale waliodhani ugonjwa ni majimaji manne ya mwilini, damu, kohozi na nyongo mbili, yamezidiana?"

Akacheka. "Hayo walikosea, tumeyaacha. Lakini hawakuwa na mashine wala maabara, ikabidi wamtazame mtu mzima: chakula, usingizi, kazi, majonzi, maji ya mji wake. Sisi tuna mashine, tunaangalia namba tu. Mimi natoa kidonge, halafu nauliza."

"Mama ulimuuliza nini?"

"Anakula nini. Akasema makande, karibu kila siku. Nikamuuliza anayapikaje yakalainika, maana meno yamebaki machache. Akasema anatia magadi, mengi. Na wewe unajua, magadi kwa presha ni sawa na chumvi."

Gwandu akainamisha macho.

"Nikamuuliza magadi anapata wapi. Akasema analetewa na mwanawe."

Ni kweli. Kila ninaposhuka upande wa ziwa Balangida humnunulia mama magadi mazuri, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume asiyemletea mama yake kitu cha jikoni ni wa kusemwa. Nilimkataza chumvi kwa mdomo, nikamletea magadi kwa mkono, tena nikijisifu. Na hayo makande nimeyala kwake mara ngapi! Miaka miwili nimekuwa nikimwongezea dozi.

Nilirudi kwa mama mdogo. "Mama, kwa nini hukuniambia kuhusu magadi?"

"Ulishawahi kuniuliza? Ukija unafunga mkono wangu, unasoma, unakunja uso, unaondoka. Na kilicholetwa na mtoto nitakirudishaje? Ningekuvunja moyo." Akanitazama. "Gwandu alikaa nami mpaka nikamwambia na habari za baba yako, jinsi nisivyolala tangu tumzike."

Hilo la kutolala sikulijua. Naishi nyumba ya pili kutoka kwake.

Kesho yake, saa moja asubuhi, nilipita kwa Gwandu nikaomba lile daftari la chuo. Alinipa bila neno. Nikapiga picha kurasa zote kwa simu, nikamshukuru kwa shida. Kisha nikampakia mama, tukarudi polepole, tukipumzika kila alipochoka, nami njia nzima nikimuuliza: analala saa ngapi, anaota nini, nani anamchotea maji. Alijibu yote. Wakati mwingine alicheka.

Nimejifunza kuuliza, ndugu zangu, na wagonjwa wangu wa Tumati wameanza kulalamika kwamba foleni haiendi. Lakini kusema wivu umekwisha ningekuwa mwongo. Jioni ile tulipofika nyumbani nilimpa mama kiti, nikamwambia kwa upole, "Sasa nipe kadi yako ya kliniki, mwezi ujao nitakupima mwenyewe hapa."

"Kadi iko Basotu."

"Umeisahau? Nitampigia Gwandu aitume kwa basi."

Mama akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kiti.

"Sikuisahau, mwanangu."