Suneka Walipomsamehe Machogu

Alhamisi ile Nyabuto, mwenyekiti wa Suneka Kombaini, alikuja nyuma ya nyumba ya Orpah Bonareri akiwa na jezi moja mkononi. Ilikuwa ya kijani iliyopauka, na mgongoni imeandikwa KOCHA. Orpah alikuwa ameinama juu ya karai, povu hadi kwenye viwiko, jezi za wachezaji zikimngoja kando. Aliitambua kabla haijakunjuliwa.

"Mama Anyona, hii nayo uioshe vizuri," Nyabuto akasema. "Machogu anarudi Jumapili. Watu wamekubali."

"Watu gani?"

"Watu tu. Mashabiki. Sisi wote."

"Kwani mimi si mtu?"

Nyabuto akacheka kile kicheko cha wanakamati, akaiweka jezi juu ya jiwe, akasema ana mgeni anamngoja sokoni. Hakuwa na mgeni wala nini. Orpah aliitazama ile jezi mpaka povu likamkaukia mikononi.

Orpah anauza ndizi pale sokoni Suneka, upande wa wauza mboga, na kwa miaka tisa amefua jezi za Kombaini bila kuombwa na bila kuambiwa asante. Alianza siku mwanawe wa kwanza, Anyona, alipochukuliwa kuwa kipa akiwa na miaka kumi na sita. Mumewe, Obwocha, anakamua ng'ombe wa watu huko Nyansiongo na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo ya mpira wa kijana yalimwangukia mama. Hakujua ofsaidi ni nini. Alijua madoa ya tope la Suneka yanatokaje, na hilo lilimtosha.

Machogu ndiye aliyemtengeneza Anyona. Hilo Orpah hakuwahi kulikana, hata akiwa na hasira kiasi gani. Kocha huyo ni Mkatoliki, lakini alikula nyumbani kwa Orpah mara nyingi kiasi cha kujua kwamba Ijumaa jua likizama kazi imekwisha, karai linageuzwa, na redio inazimwa. Aliwahesabu Wasabato katika timu yake, akaenda kugombana na wakubwa wa ligi mpaka mechi zote za Kombaini zikawekwa Jumapili. Kwa jambo hilo Orpah alimtaja katika maombi kwa jina lake kamili.

Kisha, katikati ya msimu, Machogu akahamia kwa Radi ya Mosocho. Radi! Watu ambao Suneka haiwapi hata maji ya kunawa. Hakuaga mtu. Mashabiki walimwona kwenye picha ya simu amevaa nyekundu, anacheka. Walitengeneza sanamu yake kwa majani makavu ya mgomba, wakaichoma sokoni. Siku hizo ungemtaja Machogu mbele ya muuza nyama, ungepewa mifupa mitupu.

Mwisho wa msimu ule zilibaki timu mbili, Kombaini na Radi, na mshindi ndiye angepanda daraja. Mechi ilikuwa Jumapili. Majuma mawili kabla, ikaja barua: imesogezwa hadi Jumamosi, kwa maombi ya Radi, kwa sababu eti uwanja una harusi. Harusi ya nani? Mpaka leo bwana harusi hajaonekana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hiyo ilikuwa akili ya nani, maana kocha gani mwingine alijua hesabu ya Wasabato wa Suneka?

Walikuwa watatu kwenye kikosi. Wawili walivua tai za kanisani wakaenda kucheza, wakasema Mungu ataona msimamo wa ligi. Anyona alienda kanisani. Langoni akawekwa mwendesha bodaboda aliyewahi kudaka akiwa shule ya msingi, na Kombaini wakala nne bila. Mtu aliyetoka Nairobi kumtazama Anyona, kwa ajili ya timu kubwa, aliandika jina la mtu mwingine akarudi zake.

Sasa sikia uonevu wenyewe. Nusu ya mashabiki wa Kombaini ni Wasabato, na Jumamosi ile walikuwa kanisani! Walitoka adhuhuri, Biblia kwapani, wakauliza matokeo, wakasikia nne bila, na papo hapo wakaanza kumlaani kijana waliyekuwa wameketi naye benchi moja tangu asubuhi. Walimpa jina: Pasta. Akipita sokoni, "Pasta, leo si Jumamosi?" Akinunua soda, "Pasta, umeomba kabla ya kunywa?" Siku hizi anafyatua matofali kule mtoni, mikono imepasuka, na jina lile limemfuata hadi kwenye tanuru.

Miaka mitatu. Na katika miaka hiyo Radi walimfukuza Machogu, Kombaini wakawa wa mwisho kwenye jedwali, na mioyo ya watu wa Suneka ikalainika ghafla. Kumbe msamaha wao ulikuwa unangoja tu wafungwe mara saba mfululizo! Orpah aliisugua jezi ya KOCHA kwa nguvu hata akaichana kwapani. Akaishona, huku akijitukana kwa kuishona.

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa jambo ambalo hakuna aliyelijua ila yeye na Anyona. Ile Ijumaa ya kuamkia mechi, kabla jua halijazama, ni Orpah aliyezianua glavu na njumu za kijana kutoka kwenye kamba. Alizitia kwenye sanduku la bati, akafunga, akauvaa ufunguo shingoni. Asubuhi Anyona alisimama mlangoni. "Baba," akasema, maana kwa Ekegusii mama ndiye huitwa hivyo, "nipe ufunguo." Orpah akamwambia akitaka kwenda, aende mikono mitupu. Anyona akavaa shati jeupe akamfuata kanisani. Hakuimba wimbo hata mmoja. Na tangu siku hiyo, kwa matusi yote yale, hakuwahi kumtaja mama yake kwa mtu.

Jumapili uwanja ulijaa. Suneka wana desturi yao: aliyeikosea timu, akitaka kurudi, huzunguka uwanja wote kwa miguu, ngoma nyuma yake, akimpa mkono kila aliyesimama kwenye mstari. Akifika kwenye kona ya mwisho hupokea jezi kutoka kwa mkono ulioifua, na mwenye mkono humwambia neno moja: vaa. Bila neno hilo hajarudi, hata azunguke mara kumi. Ilianza kama mzaha, lakini sasa hakuna anayethubutu kuiruka.

Machogu alizunguka. Amezeeka, kitambi kimepungua. Wale wale waliokusanya majani ya mgomba ndio waliokuwa wa kwanza kumkumbatia, na mmoja alilia, mwanamume mzima, kamasi na kila kitu. Wanawake wakapiga vigelegele. Orpah alisimama kwenye kona, jezi mkononi na mfuko wake wa ndizi begani. Ng'ambo, nyuma ya goli, Anyona alikuwa amesimama na nguo zake za kazi, peke yake. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa, mtu angedhani ana ugonjwa wa kuambukiza.

"Mama Anyona," Machogu akasema alipomfikia, "habari za siku nyingi."

"Ulijua."

Ngoma ikanyamaza.

"Nimeomba msamaha, mama. Nimewaomba wote."

"Hawa walipoteza mechi. Mechi ziko kila Jumapili! Mimi nakuuliza juu ya mtoto wangu. Ulijua hachezi Sabato, ndiyo ukaomba siku hiyo. Hebu sema hapa, hawa wanaomwita Pasta wasikie."

Machogu akainamisha kichwa. Kwa haki, hakukwepa. "Ni mimi niliomba Jumamosi," akasema. "Ni aibu yangu. Nilitaka niwapunguze wale watatu. Lakini Anyona, mama... Anyona alinipigia simu Alhamisi. Aliniambia, 'Kocha, umenitegea, lakini nakuja, na hutapata goli.' Nilijua atacheza. Sikulala. Mpaka leo sielewi kwa nini hakuja."

Kisha sauti ikatoka huko nyuma: "Kumbe alikuwa anaongea na Radi!"

"Kwa simu! Na mechi ni kesho kutwa!"

"Huyo alikula kitu! Aliuza mechi!"

"Pasta alituuza!"

Wakageuka wote kuelekea goli. Dakika moja iliyopita walikuwa wakilia kwa huruma, na sasa walikuwa tayari kumrarua mtu. Anyona hakukimbia wala hakujibu. Aliangalia upande wa mama yake, ng'ambo ya uwanja mzima, akatikisa kichwa polepole. Alikuwa anamwambia asiseme.

Orpah akaitupa jezi chini.

"Nyamazeni!" Sauti ilimtoka hata yeye mwenyewe akaishangaa. "Nyamazeni, nyinyi watu msio na haya! Anyona alitaka kucheza. Ni mimi nilifungia glavu zake kwenye sanduku. Ufunguo ulikuwa hapa," akajigonga kifuani. "Aliniomba nikamnyima. Miaka mitatu mmemtukana na hakunitaja, na mimi nimekaa kimya nikiwafulia nguo. Haya, mmesikia. Mwiteni Pasta tena!"

Hakuna aliyemwita. Nyabuto alisogea, akakohoa. "Lakini Mama Anyona, kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumchukia," Orpah akasema, akimwonyesha Machogu kidole. "Ilikuwa rahisi zaidi."

Na watu wa Suneka, sijui waliumbwa kwa udongo gani. Hawakumaliza hata kushangaa. Mtu akasema, "Pole, mama," mwingine akasema, "Sisi sote hukosea," na mara ngoma ikaanza tena. "Mama azunguke! Mama azunguke!" Mwanamke mmoja akamshika mkono kumwongoza kwenye mstari.

Orpah akauchomoa mkono wake. "Niacheni! Nani amewaomba mnisamehe? Mimi sikuwakosea nyinyi!"

Akaokota jezi, akakata uwanja katikati. Hakupita pembeni, alipita katikati kabisa, viatu vyake vya plastiki vikizama kwenye tope, na refa na filimbi yake akasogea kumpisha. Alipofika kwenye goli aliingiza mkono chini ya ndizi akatoa glavu. Alikuwa amezitoa sandukuni asubuhi ya siku hiyo, akitaka kumtupia Machogu usoni. Zilikuwa safi, na vidole vimekauka kwa kukaa.

"Mwanangu," akasema, akimnyooshea. "Nisamehe."

Anyona alizipokea kwa mikono yake iliyopasuka, akazigeuza. "Baba," akasema, "nilikusamehe siku ile ile, tukiwa bado kanisani. Nilidhani unajua."

Orpah alilia pale pale, mbele ya Suneka nzima, na hakujifuta. Watu walikuwa wamemfuata, wamesimama hatua chache, na safari hii waliona haya ya kukaribia. Machogu alikuwa mbele yao, hana jezi, anangoja neno lake.

"Na huyu?" Orpah akauliza, akiinua ile jezi ya kijani. "Wote hawa wamemsamehe. Nimpe?"

Anyona akamtazama kocha wake wa zamani.

"Hao walisamehe ya kwao," akasema. "Mimi hajaniomba."

Orpah akaikunja jezi vizuri, mikono ndani, kola juu, akairudisha mfukoni na ndizi.